Mlinzi wa Kisa ni Mwitikiaji

Mhadhara kwa wazee, walimu na vijana wa Mbulu na Hanang



Nakusudia kusema juu ya jambo ambalo kwa wengi wenu ni geni kwa jina, ijapokuwa, kama nitakavyojaribu kubainisha, si geni kwa asili. Upo mchezo uliokwisha kuenea katika nchi nyingi, ambao hauna mpira wala kete za dhumna, bali watu wanne au sita huketi kuzunguka meza moja, mmoja wao akiwa msimulizi, na waliosalia kila mmoja akijitwalia nafsi ya mtu asiyekuwapo duniani, huyu shujaa, yule mganga, wa tatu mwizi aliyetubu. Msimulizi huwaeleza walipo na yaliyo mbele yao, nao hujibu watakalotenda. Na pale ambapo matokeo hayajulikani hurushwa dadu, aghalabu ile yenye pande 20, ili bahati ikate shauri. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa na kuuzwa ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukaitwa Dungeons & Dragons; na tangu hapo watu wasiohesabika wameishi jioni zao katika nchi ambazo hazimo katika ramani yoyote.

Tuseme basi kwamba kundi moja hukutana kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza mfalme wa nchi yao ya kubuni amelishwa sumu, akafa, akazikwa mbele ya watu. Ijumaa ya nne msimulizi, kwa kughafilika, amemketisha mfalme yule yule karamuni, akila na kucheka. Na binti mdogo aliyekuwa kimya tangu jioni ilipoanza akauliza kwa sauti ya chini: je, si tulimzika?

Wako watakaomwambia anyamaze, kwa kuwa ni mchezo tu. Mimi nasema kuwa binti huyo ameuliza swali lenye uzito kuliko yote yaliyoulizwa usiku ule. Mwandishi wa riwaya akijisahau amejikosea mwenyewe, na msomaji atamsamehe au atakifunga kitabu. Lakini ulimwengu wa pamoja haukujengwa na mtu mmoja. Kila aliyeketi pale mezani ameweka humo kitu chake: huyu alimlilia mfalme, yule aliapa kulipa kisasi, wa tatu aliacha safari yake ili abebe jeneza. Mfalme akifufuka bila sababu, machozi ya yule wa kwanza yamebatilika, na kiapo cha wa pili kimekuwa upuzi. Kwa hiyo kuhifadhi mwafaka wa kisa ni kuhifadhi amana za watu, na mwenye kuzichezea amana za wenzake, hata zikiwa za kubuni, hatakaa na wachezaji kwa muda mrefu.

Swali la mhadhara huu, basi, ni hili: ulimwengu uliobuniwa au kupokelewa na watu wengi, unaosimuliwa na vinywa vingi kwa muda mrefu, huhifadhiwa vipi usije ukapasuka vipande vipande? Wachezaji wa Ulaya na Marekani wamelijibu kwa vitabu vinene na orodha ndefu. Nami nawaomba tulitazame kwanza kutoka hapa tuliposimama, kwa sababu katika nyanda hizi za juu za Mbulu, katika bonde la Yaeda chini yake, na katika tambarare zinazouzunguka mlima Hanang, watu wa lugha zisizofanana kabisa wamekuwa wakizihifadhi dunia zao za masimulizi kwa vizazi vingi bila karatasi. Sisemi kwamba itikadi za wazee wetu ni mchezo, hasha. Nasema kwamba ufundi wa kuhifadhi ni mmoja, na mwenye kutaka kujifunza kuhifadhi kidogo na aende kwa waliohifadhi kikubwa.

Nianze na Wairaqw. Wanayo sala ambayo pia ni ushairi, iitwayo slufay. Mzee hutamka maombi yake fungu kwa fungu, akiomba mvua na rutuba, akiombea watoto na mifugo, akiomba maovu yawe mbali na nchi; na waliokusanyika hawamsikilizi kimya kama wasikilizavyo watu redio, bali huyapokea maneno yake kwa mwitikio wa pamoja. Ushairi ule una maneno ya urithi, na tena una nafasi ya umahiri wa msemaji. Sasa fikirini jinsi mambo yanavyokuwa pale msemaji anapoteleza. Watu walioyaitikia maneno yale tangu utoto wao wanayajua katika vifua vyao, na neno lisilo mahali pake litawafikia kama jiwe katika chakula; mwitikio utasita, na kusita kwake ndiko kusahihisha. Hakuna aliyemkatiza mzee, hakuna aliyemvunjia heshima, na hata hivyo amejua.

Watu wa pwani nao wanaujua msingi huo, maana hadithi ya Kiswahili haianzi mpaka msimulizi aseme "Paukwa" na hadhira imjibu "Pakawa". Mwitikio ule huonekana kama pambo la kuwaamsha watoto, kumbe ni mkataba: msimulizi ameomba ruhusa, na wasikilizaji wamekubali kuwa mashahidi. Na hilo ndilo neno langu kubwa la leo, ambalo mengine yote yatalizunguka: mlinzi wa kisa ni mwitikiaji kuliko msimulizi. Msimulizi ana haraka ya kwenda mbele. Mwitikiaji anakumbuka tulikotoka.

Lakini mwitikiaji hawezi kulinda kila kitu, na hapana haja alinde kila kitu. Ni yapi yasiyoguswa, na ni yapi yanayoweza kusogezwa? Hapa mwalimu wetu na awe Mhadzabe wa bonde la Yaeda. Daniel Ndagala na mwenzake Zengu waliandika jinsi Wahadzabe wanavyozigawa zama zilizopita, nazo ni nne. Zama za kwanza ni za akakaanebe, majitu yenye manyoya mwili mzima, yasiyo na zana wala moto, yaliyomkimbiza mnyama mpaka akaanguka, yakala nyama mbichi na kulala chini ya miti. Zama za pili ni za tlaatlanebe, majitu vile vile lakini bila manyoya, walioishi mapangoni, waliopika kwa moto na kuwinda kwa mbwa kwa sababu wanyama walikwisha kuingia hadhari. Na kwao ndiko ilikoanzia ibada ya epeme. Zama za tatu ni za hamakwabe, watu wa kimo kidogo zaidi, waliozua upinde na mshale, wakajenga vibanda, wakapata chuma kwa kubadilishana na wageni, na wakaanzisha lukuchuko, mchezo wa bahati ambao wanaume wanauchezea mishale yao. Zama za nne ni za hamaishonebe, ndizo hizi zetu, ambamo watu hutajwa kwa majina na matukio huhesabiwa kwa vizazi.

Tazameni jinsi jengo hili lilivyo imara. Kila zama ina sheria zake: jinsi ya kulala, jinsi ya kula, jinsi ya kuua mnyama. Msimulizi akikwambia kwamba jitu la akakaanebe lilipiga mshale, mtoto wa miaka kumi atamkatalia, wala hatahitaji kukumbuka kisa chochote mahsusi, kwa maana anazijua sheria za zama, na sheria hizo zinamwezesha kupima hata kisa asichopata kukisikia. Huu ni ufundi mkubwa kuliko orodha. Orodha ya matukio elfu moja humshinda mwenye kuikumbuka. Misingi minne huweza kuhukumu matukio elfu moja. Na ninyi mnaobuni nchi za mchezo, kabla hamjaandika nasaba za wafalme na majina ya mito, ulizaneni kwanza: katika nchi hii moto unatoka wapi, maiti hufanywa nini, chuma kinapatikana kwa nani, na uganga unamgharimu nini mwenye kuutumia? Yakijibiwa hayo, mengi yaliyosalia yatajilinda yenyewe.

Na kuna jambo la pili katika simulizi ile ile, ambalo naliona kuwa na thamani zaidi. Kwa nini akakaanebe hawakutumia moto? Masimulizi ya wakubwa yasema kwamba dunia ya wakati ule, jinsi ilivyokuwa, haikuruhusu moto kuwaka. Vijana waliopita shule husema kwamba majitu yale hayakujua tu namna ya kuuwasha. Sababu zimekhitilafiana, na khitilafu hiyo si ndogo, kwani ya kwanza inahusu maumbile ya dunia na ya pili inahusu ujinga wa watu. Lakini nguzo imesimama pale pale, kwamba zama za kwanza hazikuwa na moto. Basi hapo tumepata mpaka tuliokuwa tukiutafuta: tukio ni la wote, na haliguswi, sababu ya tukio yaweza kuwa ya kila msimulizi. Ulimwengu unaokataza hata khitilafu ya sababu hugeuka jela, na unaoruhusu khitilafu ya tukio hugeuka moshi.

Wairaqw wana mfano wa namna hiyo hiyo katika kisa cha kuhama kwao. Husimuliwa kwamba kabla ya kufika nyanda za Mbulu waliishi mahali paitwapo Ma'angwatay, chini ya uongozi wa Haymu Tipe. Kwamba vijana wenye kiburi cha nguvu walimteka mwanawe Gemakw na kumficha msituni, wakimtaka baba awaletee adui wa kupigana naye, la sivyo mtoto atauawa. Kwamba adui alikuja, nao walikuwa Wabarbaig, na Wairaqw wengi wakafa. Kwamba Haymu Tipe alikimbia na jamaa zake waliosalia mpaka Guser-Twalay, na njiani mkewe akajifungua mtoto wa kiume, Simboya. Kisha kisa chasema kwamba alipahama Guser-Twalay, na sababu ya kuhama hakisemi.

Uacheni moyo wenu utulie juu ya ukimya huo. Msimulizi dhaifu angaliona pengo na kulijaza papo hapo kwa ugomvi au njaa ya kubuni, na baada ya miaka michache pengo lingekuwa na sababu tano zinazopigana. Wazee waliopokezana kisa hiki wameliacha pengo likiwa pengo, wakatushikisha majina, kwa kuwa majina ndiyo misumari ya kisa: Ma'angwatay, Gemakw, Guser-Twalay. Katika mchezo wenu msione haya kusema kwamba jambo fulani halijulikani katika nchi ile. Lisilojulikana halimpingi mtu, na siku itakapokuja haja ya kulijua, mtalijua pamoja.

Misumari hiyo imepigwa katika ardhi. Nchi hizi zimejaa vilima, chemchemi na miti ambayo kila kimoja ni ukurasa, na mtu apitapo hapo kisa humjia bila kukiita. Profesa Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameeleza jinsi Operesheni Vijiji ya kati ya 1974 na 1976, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ilivyowakuta watu wa Uiraqw ya mashariki wakiwa na ufahamu wa mazingira uliofungamana na sehemu zile walizokaa. Mtu aliyehamishwa kutoka kwenye mgongo wa kilima chake hakuacha shamba peke yake. Aliacha na vikumbusho vyake. Upande wa Hanang, Wabarbaig humzika mzee mwenye heshima kubwa kwa bung'eda, kaburi linalojengwa na kuinuliwa kwa muda wa miezi, huku watu wakikusanyika na kuimba. Na mashamba makubwa ya ngano yalipoanzishwa katika tambarare za Basotu kwa msaada wa Kanada, baadhi ya makaburi hayo yalipitiwa na plau. Hasara ile haikuwa ya udongo tu, maana penye kaburi la mzee ndipo wajukuu wanapojua wao ni wa nani.

Na ardhi yenyewe hubadilika. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe yaliteremka kutoka mlima Hanang juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Sitaki kuufanya msiba wa watu mfano wa mchezo. Nasema tu yale ambayo kila mwenyeji wa Hanang anayajua bila kufundishwa, kwamba baada ya siku ile hakuna masimulizi ya Katesh yanayoweza kusimuliwa kana kwamba siku ile haikuwapo: njia ni nyingine, ujirani ni mwingine, mvua ikinyesha usiku watu wanaisikia kwa sikio jingine. Msimulizi anayeliharibu jiji la kubuni jioni moja, na jioni inayofuata akawaingiza wachezaji katika soko lile lile wakinunua nyanya, hakukosea tarehe wala ramani, amekosa insafu. Tukio kubwa halina budi kubaki katika miili ya walioliona.

Sasa nani awe na mamlaka ya kukata shauri, pale kumbukumbu zinapogongana? Wairaqw waliigawa nchi katika maeneo yaitwayo aya, kila moja ikiwa na mipaka yake na mzee msemaji wake, kahamusmo, asiyekuwa mfalme na asiyetawala peke yake. Mgawanyo huu wafaa sana kwa ulimwengu wa kubuni uliokua mpaka ukawa na wasimulizi wengi. Mmoja na ashike nchi ya milima, mwingine visiwa, wa tatu dini na kalenda. Kila mmoja aulizwe kwanza katika aya yake, na jambo la mpakani liamuliwe na wote wakiwa wameketi. Anayejifanya msemaji wa aya zote hushindwa kuzikumbuka, na wenzake huacha kukumbuka kwa kuwa hawaulizwi.

Mtaniuliza: je, si kitabu kingetosha? Kitabu ni neema, na mimi sitakidharau. Mjerumani Paul Berger alikusanya masimulizi ya Kiiraqw katika miaka ya 1930, nayo yakachapishwa mwaka 1998 kwa juhudi ya Roland Kießling; W. D. Kamera naye alitupa Hadithi za Wairaqw wa Tanzania kwa lugha ya taifa. Lakini kalamu hushika kinywa kimoja cha jioni moja, na tafsiri hupoteza kitu njiani. Chukueni mfano wa Looa. Kwa Mwiraqw Looa ni jua na ni Mungu, na ni mama. Sarufi ya Kiiraqw yenyewe humweka katika jinsia ya kike, ilhali Neetlangw, pepo wa chemchemi na mito, yuko upande mwingine. Kisa cha Looa kikiingia katika Kiswahili, "yeye" wetu hana jinsia, na neno "Mungu" hutujia likiwa limefuatana na "Baba" tuliyemzoea makanisani. Basi bila mtu kusema uongo, mama ametoweka. Mwenye daftari peke yake asingejua kwamba kuna kilichopotea. Angejua mwitikiaji aliyekisikia kisa kwa lugha yake.

Kitabu chenyewe hupatana na khitilafu kikiwa na mwandishi mwadilifu. J. R. R. Tolkien wa Uingereza alichapisha The Hobbit mwaka 1937, ambamo kiumbe aitwaye Gollum alikuwa radhi kuitoa pete yake iwe zawadi ya mshindi wa vitendawili. Baadaye, alipokuwa akiandika The Lord of the Rings, pete ile ilikwisha kuwa kitu kiovu ambacho aliye nacho hawezi kukiachilia kwa hiari, na sura ile ya vitendawili ikawa haiwezekani tena. Aliiandika upya katika chapa ya 1951. Na ile ya kale hakuifukia ardhini, bali aliieleza ndani ya kisa chenyewe kuwa ni uongo alioutunga Bilbo, yule aliyeipata pete, ili haki yake ya kuimiliki pete ionekane safi. Kosa la mwandishi limegeuka tabia ya mhusika, na uongo ule umetuonyesha mapema kwamba pete ilikwisha kuanza kumharibu aliyeichukua. Huko ndiko kutengeneza kunakostahili sifa: palipopasuka panaonekana, na pameongeza maana.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walitufundisha kwamba matini haikamiliki bila isnadi, yaani bila kujua nani alipokea kwa nani. Nawausia vijana mlifuate hilo katika daftari lenu. Msiandike tu kwamba mfalme amekufa. Andikeni nani alisimulia, jioni gani, na nani walikuwapo wakaitikia. Kila mkutano uanze kwa mmoja kuyasimulia yaliyopita, na asiwe msimulizi mkuu, bali awe mchezaji, kila mara mwingine, na wenzake wamsahihishe kwa adabu. Kosa likigunduliwa, liamueni pamoja: ama lirudishwe nyuma kwa kukiri, ama litafutiwe sababu ndani ya kisa, kama Bilbo na pete yake. Lisilofaa abadan ni kulipita kana kwamba halikuonekana.

Na laiti mngeibuni nchi yenu wenyewe! Majumba ya mawe na majoka ya Ulaya ni mazuri kwa wenyewe. Ninyi mna ziwa Balangida lenye chumvi chini ya mlima, mna mapango na misitu, mna lugha za asili za koo nne zisizokuwa na udugu zinazokutana sokoni siku moja: Kiiraqw cha ukoo wa Kikushi, Kidatoga cha ukoo wa Kinailoti, Kinyaturu na Kinyiramba kwa upande wa Kibantu, na Kihadza kisicho na ndugu anayejulikana. Ombeni idhini ya wazee kwa yaliyo matakatifu, na yasiyo yenu msiyachukue. Mengine yabunini, lakini yabunini kwa ufundi wa hapa.

Namrudia yule binti mdogo wa Ijumaa ya nne. Msimulizi mwenye busara, akisikia "je, si tulimzika?", ataiweka dadu chini. Hatasema kwamba ni mchezo tu. Atasema: ni kweli, tulimzika, nami nilisahau, ahsante mwanangu. Kisha atawageukia wote na kuwauliza: basi huyu aketiye katika kiti cha mfalme ni nani? Na nadhani jioni hiyo hakuna atakayetaka kwenda kulala.